Kiu Niliyompa Mume Wangu

Hakuna anayeruhusiwa kukalia kiti cha Baraza la Maji bila kumbukumbu ya kiu ya utotoni. Mume wangu Sudi alikulia kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea, kwa hiyo hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo, nikampa. Kule zahanati waliihamisha kutoka kichwani mwangu hadi kichwani mwake asubuhi moja tu, na kumbukumbu haikai kwa watu wawili.

Sasa naijua kwa kumsikia akiisimulia mikutanoni: foleni ya bombani, mama yangu akinisokotea ngata ya kanga kichwani, kisha akimmiminia nusu ya ndoo yetu mtoto wa jirani aliyesukumwa nje ya foleni. Watu hulia. Sudi naye hulia, wala hana unafiki. Ameshawafungulia watu wa mabondeni maji ya bure.

Wivu unanikaba. Ingekuwa mwanamke mwingine, ningejua pa kuanzia. Lakini namwonea Sudi wivu kwa ajili ya mama yangu mwenyewe.

Jana nilikuwa naosha vyombo, Sudi akaja mbio akafunga bomba.

"Mama Nuru, maji yanamwagika hivi na wewe unayaangalia tu?"

Mimi sikuwa nimeona ubaya wowote.

"Baba Nuru," nikamuuliza, "mama alipommiminia yule mtoto, mimi aliniambia nini?"

Akatabasamu, macho yamelowa. Akanishika bega taratibu, kama anavyoshikwa mgeni msibani.

"Hayo huwezi kuyaelewa, mke wangu," akasema. "Hukuwepo."