Choo cha Fungo

Okware alitumbukiza fimbo ndani ya debe, akakoroga mara mbili, kisha akakimbilia ukuta wa jiko kutapika. Hakikutoka kitu. Tangu asubuhi alikuwa hajala.

Debe lile la mafuta ya taa lilikuwa limekaa juani siku tisa. Ndani mlikuwa na mkojo wa ng'ombe, pilipili, majivu, na konokono wote aliowaokota kwenye mboga, wale wakubwa kama ngumi, wanaoacha ute juu ya jani kama kamasi za mtoto. Sasa walikuwa wameyeyuka. Juu palielea povu la kijivu, na ndani ya povu mabuu yalikuwa yakipiga mbizi.

"Limeiva," alisema Ojiambo, rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka, akiwa amesimama mbali na kuziba pua kwa kofia. "Fungo hamwogopi mbwa, haogopi panga. Fungo anamwogopa anayemshinda kunuka."

Ni fungo aliyemvunjia Okware nyumba. Mnyama huyo ana tabia moja ya aibu: akishachagua mahali pa kunya, hahami. Kila siku ni hapo hapo, lundo juu ya lundo. Huyu alikuwa amechagua bustani ya Nasirumbi, mke wa Okware, nyuma ya jiko, katikati ya kunde. Asubuhi moja Nasirumbi alikwenda kuchuma mboga miguu mitupu, akakanyaga. Mguu ukazama mpaka kifundoni. Alipoutoa, mbegu za mapera na pete nyeusi za majongoo yaliyotafunwa zilikuwa zimemganda katikati ya vidole.

Alimwambia mumewe afyeke vichaka, mnyama akose pa kulala. Okware akasema kesho. Kesho hiyo ilikwenda mwezi mzima. Nasirumbi akajifunga leso, akambeba mtoto, akavuka mpaka kwenda kwao Samia.

"Jana nilimwona mama mkwe wako sokoni," Ojiambo alisema. "Anasema binti yake harudi kwenye mavi. Kabla ya Jumapili mtu atakuja kuangalia. Akikuta pamesafishwa, mke unaye. Akikuta vile vile, unarudishiwa ng'ombe wako wa mahari, na maneno yamekwisha."

"Mtu gani?"

"Sikuuliza. Ungemuuliza wewe, lakini wewe ukimwona unaingia chini ya meza ya samaki."

Ojiambo alicheka mpaka akasahau kuziba pua. Ilikuwa kweli. Mwaka wa pili wa Uhuru, katika soko la Busia, Okware alimwona mama mkwe ghafla mbele yake, akatambaa chini ya meza ya muuza samaki. Alitoka baadaye na magamba kwenye nywele na utumbo wa samaki shingoni.

"Ulitaka nimtazame usoni?" Okware alisema. "Mama aliyemzaa mke wangu? Mimi nina adabu, bwana."

"Ninyi wakwe ni balaa. Mmoja akitokea, mwingine anatafuta shimo."

Okware alikwenda kuokota mti wa kubebea debe. Hakuwa na wakati wa utani. Leo ilikuwa Ijumaa. Lile lundo alikuwa amekwisha kulizoa kwa jembe, pumzi ameibana, na kulifukia mbali. Vichaka amevifyeka, viwavi waliokuwamo amewachoma, na nywele zao zikamwasha mpaka kwenye kope. Kilibaki kichaka kimoja tu, cha alizeti ya porini, kando ya njia ya mkato inayotoka barabarani. Humo ndimo fungo alimokuwa akilala mchana.

Wakalibeba debe kwa mti, mmoja mbele, mmoja nyuma, vichwa vimegeuzwa pembeni. Walipozunguka jiko tu, Okware akaona majani ya kichaka yakijifunga nyuma ya kitu. Kitu kikubwa.

"Ameingia!"

Mbwa wake, Popi, alitangulia akibweka. Akafika, akanusa, akanyamaza. Kisha akaanza kutikisa mkia.

"Tazama mjinga huyu. Anamwamkia fungo."

Kichaka kikapiga chafya.

"Na mafua anayo," Ojiambo alinong'ona. Akatua upande wake wa debe, akarudi nyuma hatua tatu.

Okware alisikia uchungu wa wiki nne ukimpanda: mihogo ya kuchemsha peke yake, kitanda kitupu, yule mdudu mweupe aliyemkuta jana ndani ya sufuria.

"Mchafu wewe!" alikipigia kelele kichaka. "Unakula kwangu, unanya kwangu, mke wangu umemfukuza! Huna haya? Toka! Toka leo nikuone uso kwa uso!"

Kichaka kilitetemeka, hakikutoa mtu wala mnyama.

Okware akalikumbatia debe lile kifuani, akaliinua juu ya kichwa, akalimwaga lote. Lilishuka zito, kama uji. Konokono walioyeyuka wakaning'inia kwenye majani, wakadondoka mmoja mmoja, na mabuu nyuma yao. Popi aliruka pembeni akilia.

Alingoja mnyama atoke mbio. Hakutoka. Ndani ya kichaka kitu kilitema mate, kikatema tena.

"Popi," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, polepole, kama mtu asiyetaka kufungua mdomo. "Mwambie mwenye bustani kwamba binti yangu yuko pale barabarani na mtoto na mizigo. Nilimwacha huko, nitangulie kuangalia kama uchafu umekwisha."

Akatema mara ya tatu.

"Mwambie atafute kamba. Ng'ombe wake wanarudi."