Plasta Mezani kwa Dokta Léopold

"Inatangazwa kwa umma wote wa Bukavu kwamba leo, hapa Nguba, sayansi ya meno itatoa hukumu!"

Umma wenyewe ulikuwa wanawake wawili: Clémence, aliyekuwa aolewe Jumamosi, na Asumini, fundi wa plasta za meno ya wagonjwa, aliyefundishwa kazi na dokta mwenyewe. Dokta Léopold hakujali. Alikohoa, akapandisha suruali, akaendelea.

Clémence alitaka vigamba kumi vya kauri vibandikwe juu ya meno yake, ya mbele yang'ae kwenye picha za ndoa. Kwa Dokta Léopold, maandalizi yalikuwa ya aina moja tu: jino linasagwa mpaka linabaki kama njiti, ndipo linavishwa kigamba.

"Dokta, jino ikisagwa hairudi," Clémence alisema. "Dada yangu walimuparuza kidogo tu juu, wakabandika."

Dokta alicheka, kiganja mbele ya mdomo kama kawaida yake.

"Maman, hiyo ni ya meno yenye kustahili! Siku nitaona mudomo kama wangu, nitabandika bila kusaga hata kidogo. Asumini! Leta plasta yake."

Asumini aliingia chumba cha nyuma, akakawia, akarudi na sanamu ya meno mikononi kama mtu aliyebeba sadaka. Akaiweka mezani bila kuinua macho.

Dokta aliizungusha, akasonya.

"Angalia hii chonge! Imegeuka kama mulevi anatafuta nyumba yake. Na hii ya mbele imetafuna miwa tangu siku ya ubatizo. Mutu wa meno kama hii anacheka namna gani mbele ya watu? Hii si meno, ni lupango ya mbuzi, miti yote imeinama!"

Machozi yalimlenga Clémence. Asumini aliuma midomo, mabega yakimtikisika. Dokta akadhani ni huruma.

"Usilie, Asumini. Sayansi haina huruma. Yote kumi, kusaga mpaka chini!"

Akaigeuza plasta aandike hukumu kwenye kitako chake, pembeni ya jina la mgonjwa, kama alivyofanya siku zote. Kalamu ikabaki hewani.

"Jina iko wapi? Nani amekwangua jina?"

Macho ya dokta yakatua kwenye kucha za Asumini, zilizojaa unga mweupe.

"Ni mimi, Dokta," alisema. "Ni ile plasta ya kwanza, ulinifundishia kazi. Jina ilikuwa yako."