Gia Kubwa ya Siwema

Siwema aliipindua baiskeli yake ya umeme uani, akafunga gia kubwa ya mbele. Kwa ile ndogo, mota ikishika kasi, miguu yake ilizunguka bure tu.

"Sasa nikikanyaga itakwenda kweli, mama!"

"Itakwenda, nimesikia. Na kusimama je?" mama yake, Bi Mashavu, aliuliza, moyo juu juu.

"Breki zipo. Wewe nawe kwa woga!"

Mama alilizungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu, kisha akafinya breki mpaka mwisho. Gurudumu likaendelea kuzunguka kama halijaambiwa kitu. Na leo hii Siwema angeteremka nayo mlima wa sokoni.

"Nyinyi vijana mnakimbilia mwendo. Breki mnazikumbuka mkishaanguka."

"Lakini wateja wangu wa maandazi wanangoja."

"Waache wale viporo leo."

Siwema akacheka, akachukua spana na kuanza kuzitoa raba za breki zilizolika ili afunge mpya. Mama yake akaketi vumbini na kulishika gurudumu kwa mikono miwili, kanga ikiingia grisi.

"Basi, mama, mpya zimekaa. Achia."

Bi Mashavu hakuachia; mawazo yake yalikuwa kwenye ule mlima wa sokoni.