Zoezi la Kunyanyua

Hatibu alitaka kusomea umeme, lakini wakala wa vyuo vya ng'ambo alimkatiza mapema: mafundi umeme kule wamejaa tele, anayesomea kutunza wazee ndiye anayepewa ukaazi wa kudumu. Hatibu akageuza nia palepale. Mchana huo alisimama mbele ya kitanda cha bibi yake, simu ameiegemeza dirishani imwonyeshe namna ya kumnyanyua mzee.

"Jilegeze, Bibi. Jifanye hujiwezi."

Bi Zuwena, ambaye asubuhi ile alikuwa ametwanga kinu kizima cha mpunga peke yake, akajilegeza kama nguo mbichi. Hatibu akainama, akamkumbatia, akanyanyua. Wote wawili wakaangukia godoro.

"Mume wangu, huna nguvu," bibi akasema. Ndivyo alivyomtania mjukuu wake tangu anatambaa. "Hebu rudia."

Akarudia mpaka jasho likamtiririka. Mara ya mwisho bibi alimshika shingo, akapaa mwepesi kama unyoya, akatua kitini taratibu, hata kanga haikumvuka.

"Nimeweza!" Hatibu akashangilia, bado ameinama. "Nitawabeba wazee wa kule mpaka wanipe makaratasi yao!"

"Na wanawake?"

"Wote, Bibi."

"Yaani mkeo unaniacha hapa, unakwenda kubeba wake za watu?"

Hatibu akacheka mpaka akakohoa. "Haya, zoezi limekwisha. Niachie."

Bibi naye alikuwa anacheka. Lakini ile mikono iliyotwanga mpunga asubuhi ilikuwa bado imeifumbata shingo ya mjukuu, wala haikulegea.