Simu Ndani ya Unga

Maman Honorine aliizika simu ya Muhindo katika ndoo ya unga wa bukari, ugali wa kila siku, akaisukuma chini mpaka mkono ukazama hadi kiwikoni, kisha akausawazisha unga kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda. Alikuwa ameizima kwanza. Hakutaka ilie humo ndani na kumsema.

Chumbani, Muhindo alikuwa anaungua homa. Jumatatu ile wenzake walimleta kutoka chuoni wakimshika kwapani. Alianguka katikati ya somo, daftari huku, kalamu kule. Muuguzi wa jirani alimpima, akamchoma sindano, akamfunua kope.

"Malaria iko," alisema, "lakini imekuta nyumba wazi. Huyu hakuli, halali. Maman, ile simu umunyanganye. Asiione mpaka homa ishuke."

Tangu mume wake, mfanyakazi wa reli, afe na kiinua mgongo chake kikaisha pamoja naye, Maman Honorine hakuwa amesikia neno tamu kama hilo.

Maana alikuwa na wapangaji wawili, wanafunzi, na simu ilikuwa imewala wote wawili. Kalaba, kijana wa upande wa Kinsevere, alipiga picha viatu vyake, akapiga picha bukari kabla ya kuionja, halafu akakaa anahesabu. "Maman! Bantu mia mbili banaipenda picha yangu!" Na bukari inapoa, inafanya ngozi juu.

Muhindo alikuwa mpole zaidi. Ni mtoto wa wafanyabiashara wa Goma, mji ulioanguka mikononi mwa waasi mwezi wa kwanza, watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Maman Honorine alimwuliza mara moja tu, "Kwenu, beko muzuri?" Akajibu, "Beko, Maman," macho hayakutoka kwenye kioo. Hakumwuliza tena. Kidonda cha mtu hakichokonolewi.

Ila na yeye alihesabu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kunawa uso, aliketi kwenye kizingiti, akaandika neno moja fupi, halafu akangoja, midomo inacheza. Chai ikapoa hapo pembeni, mkate ukaliwa na kuku. Mgongo ulianza kupinda kama ndoana, macho yakawa mekundu kama ya mtu wa kuchoma makaa. Njiani simu, mezani simu, hata chooni simu.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Bantu yangu, Maman."

"Beko bangapi?"

"Kumi na mumoja."

Kalaba alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumi na mumoja! Miye ningekuwa na hao tu, ningezima simu nirudie kulima!"

Muhindo hakucheka.

Kisha ikaja asubuhi moja akabaki kwenye kizingiti mpaka jua likamfika magotini. "Leo ni tisa," alisema. Hakugusa maharage. Akaomba mshumaa.

"Mushumaa ya nini, na umeme uko? Na jua lote hili?"

"Siku tatu zimepita, Maman." Ni hilo tu alilojibu, akaingia chumbani na mshumaa wake, akafunga mlango.

Maman Honorine alimfuata na sahani, akasimama nje ya mlango. "Bantu tisa banakupenda na wewe unalia? Angalia miye! Nilizaa batoto ine. Fils, kijana yangu, iko hapo Mokambo tu, si mbali. Tangu Pasaka, mwenye kuniandikia ni kampuni ya simu, inataka kuniuzia mega za internet!"

Akaiweka sahani mlangoni, akaondoka.

Kwa hiyo, Mungu amsamehe, siku za ile homa zilikuwa tamu kwake. Alimpaka maji kichwani. Alimpikia uji mwembamba, akampozea kijiko kwa kijiko. Alimsimulia habari za mume wake na filimbi za treni, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu ndani ya nyumba asiyekuwa na pa kuangalia ila uso wake.

"Simu, Maman..." Muhindo aliomba, ulimi umekauka. "Niandike tu moja..."

"Utaandika ukipona."

Siku ya pili alihesabu usingizini. Moja, mbili, tatu, polepole. Kila mara alifika nane, kisha akajigusa kifua kwa kidole. Maman Honorine alimfunika mkono ule na shuka.

Alhamisi asubuhi homa ilikatika. Muhindo aliketi, akala bukari na samaki mkavu wa Pweto, akaomba aongezewe. Maman Honorine alitaka kucheza. Alikwenda kwenye ndoo, akaichimbua simu, akaipuliza unga, akaiwasha.

"Haya, kamata. Lakini kidogo tu! Umeona namna mutu anaponaka bila hii kintu?"

Muhindo aliikodolea macho. "Maman, leo ni siku gani?"

"Alhamisi. Uliangukaka Jumatatu."

Sahani ilimponyoka. Simu ikaanza kulia mfululizo, kama mvua ya mawe juu ya bati, na kidole chake kikagusa ujumbe wa mwisho. Ilitoka sauti ya mwanamke, imekauka, yenye lafudhi kama ya Muhindo mwenyewe.

"Banangu munaobakia hai, leo tuko nane. Siku tatu zimepita, Muhindo hajaandika 'niko'. Kila mutu, pale anapojificha, amuwashie mushumaa."