Nazi Mbili kwa Mnazi

Ko! Ko! Ko! Magongo yaligonga sakafu ya ofisi ya bima kabla Shekue hajatokea mlangoni. Lori lilimponda mguu, ukakatwa, na mkwezi wa mguu mmoja hana mnazi wa kupanda.

"Huna karatasi ya mshahara," alisema karani. "Kipato ulichopoteza tutakilipa vipi?"

"Mwanangu, mimi hulipwa nazi mbili kwa kila mnazi."

Karani akacheka. "Mzee wangu, nazi ni za mchuzi, si mshahara."

Shekue akaketi, akapachika mguu uliobaki juu ya mafaili mezani, unyayo umekakamaa kama gome.

"Soma hapo! Wallahi, kesho nakuletea wenye minazi wote wa mji huu, na hatutoki humu mpaka uziandike nazi zangu kuwa mshahara."