Daftari la Saa Elfu Moja

Verlene aliifuta ile saba aliyoiandika, akaiandika upya na kijimkia mbele, kama Fern anavyoziandika saba zake. Akaipiga picha karatasi kwa simu, akaituma kwa mwalimu. Kisha akavuta daftari la saa, akaandika kwa wino: *Fern, hesabu, saa moja.*

Kule Missouri, Marekani, mzazi anayefundisha nyumbani hupaswa kuandika saa za masomo, elfu moja kwa mwaka, na aziandike kwa kweli. Mwaka huu, saa mia moja na ishirini zilikuwa za uongo.

"Umemaliza, Mama?" Fern aliingia na ndoo ya maziwa ya mbuzi.

"Nimemaliza nini?"

"Kupika. Kwani kuna kingine?"

"Maharage bado," alisema Verlene, akalifunika daftari kwa kitambaa cha vyombo.

Mambo yalianza Agosti, walipokuwa wakichagua masomo. Meza ilijaa orodha za vitabu na madarasa ya mtandaoni hata pa kuweka kikombe hapakuwapo. Sayansi walikubaliana. Historia waliipata kwenye mnada wa vitabu vikuukuu, chini ya kanisa, na hapo hapo Fern akajibebea kitabu kingine kinene kisicho na jalada. Hesabu ndiyo iliyowagonganisha vichwa. Fern alilitaka darasa la aljebra la Bi. Nowicki, la mtandaoni, linalopokea mtu wa umri wowote.

"Hilo zito kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu," alisema Verlene, mikono kwenye unga wa biskuti.

"Wewe ungeliweza?"

"Mimi? Niliishia darasa la tisa, mwanangu. Mama alipougua, nikabaki na wadogo zangu." Akaukandakanda unga. "Ila hesabu nilikuwa nazipenda. Mwalimu akiniona anabadilisha njia, anajua nina swali."

Fern akacheka. Mwishowe Verlene akakubali, na kwa vile mikono yake ilijaa unga, fomu aliijaza Fern.

"Mama, ulizaliwa mwaka gani?"

"Hata hilo wanauliza?"

"Watu wa mtandaoni hawa! Kesho watataka jina la mbuzi."

Wiki ya kwanza tu, Fern aliitupa karatasi ya mazoezi mezani. "Sielewi hata moja," akasema, akaenda zake bandani. Verlene akaichungulia huku anachambua maharage. Akasahihisha swali moja. Akaona la pili linamwita. Kufika Oktoba alikuwa akifanya yote, na masomo ya mwalimu akiyasikiliza kwenye simu anapokunja nguo.

Alama zilirudi bila majina, kwa nambari tu. "Nambari kumi na saba, tisini na sita kwa mia. Safi sana!" Verlene aliyasoma maneno hayo mara tatu, moyo ukamchezea kifuani kama msichana. Halafu haya zikamshika. Asali ya wizi nayo ni asali, ndiyo taabu yake.

Fern naye kila siku alipanda darini bandani na kile kitabu kinene, akishuka na mabua ya nyasi kichwani. Anasoma hadithi huyo, alijisemea Verlene. Hakumkaripia. Angemkaripia kwa mdomo gani?

Mwezi Mei ujumbe ulifika. Mtihani wa mwisho ni Ijumaa, saa kumi, kamera wazi. Atakayeonekana alifanyiwa kazi na mtu mwingine, mwaka wake wote unafutwa.

Alhamisi asubuhi, wakila mayai, Fern aliinua uma. "Kitendawili!"

"Tega," alisema Doyle, baba yake.

"Anaiba ameketi, na mwenye mali anamshikia taa."

Verlene akaacha kutafuna.

"Mtoza kodi," alisema Doyle.

"Siyo! Mama, jaribu."

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua St. Louis, na daraja lake."

"St. Louis nimefika, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu nitakupa kesho." Fern akamtazama mama yake, akatabasamu, akaondoka na sahani.

Kumbe anajua, aliwaza Verlene. Mtoto amenitazama nikimwibia mwaka mzima, na bado ananipa karatasi kila siku. Usiku huo usingizi ulimkataa. Kama angenyamaza, Fern angekaa mbele ya kamera na kuumbuka peke yake.

Ijumaa, saa kumi kasoro dakika tano, Fern aliiweka kompyuta mezani, akaiwasha, akasogea pembeni. Verlene alimpita, akaketi yeye kitini. Uso wa mama wa makamo mwenye miwani ukatokea kwenye kioo.

"Bi. Nowicki," alisema Verlene kabla ujasiri haujamtoka, "mimi ni mama yake Fern. Kazi zote za nambari kumi na saba nilizifanya mimi. Zote, tangu Septemba. Mtoto hana kosa. Nilaumu mimi, tafadhali, usimfute yeye."

Bi. Nowicki alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Akafungua orodha yake na kuishusha kwa kidole.

"Fern ninaye hapa," alisema, "lakini huyu ameandikwa mwalimu wa nyumbani. Nambari kumi na saba ni Verlene Tackett, miaka arobaini na mmoja. Nimengoja mwaka mzima kuuona uso wako. Chukua kalamu, Verlene, tuanze."

"Jibu la kitendawili ni mwanafunzi, Mama," alisema Fern nyuma yake, kile kitabu kinene, kumbe cha aljebra, kikiwa kwapani. Alikwishalifungua daftari la saa, na kwa saba yenye kijimkia aliandika tarehe, kisha: *Mama, hesabu, saa mbili.*